Kuwaza hasara kabla haijabisha hodi: Wastoiko walivyojifunza kuvumilia na kushukuru

MWANAFALSAFA Seneca aliwafundisha watu wengi namna ya kuyatazama mauti bila kutetemeka. Alimwandikia Marcia, mama aliyefiwa na mwanawe na kuomboleza kwa miaka 3, akimsihi aufikishe msiba wake kikomo. Lakini zamu yake ilipofika, alipofiwa na rafiki yake Annaeus Serenus, mwalimu huyo alishindwa na somo lake. Katika barua aliyompelekea swahibu wake Lucilius, alikiri kwamba kilio chake kilipita kiasi hata akastahili kuhesabiwa miongoni mwa watu waliozidiwa na majonzi.

Serenus alikuwa mkuu wa kikosi cha walinzi wa usiku na wazimamoto jijini Roma, enzi za Mfalme Nero. Mwandishi Pliny anasimulia kwamba aliangamia pamoja na maafisa wake baada ya kula uyoga wenye sumu. Hakuwa amezeeka, wala hakuna aliyekuwa akimtazamia kufa.

Kilichomliza Seneca kiasi hicho, kwa maelezo yake mwenyewe, si mapenzi peke yake. Ni kwamba hakuwahi kuwazia, hata siku moja, kuwa Serenus angemtangulia. Alijituliza kwa kuwa mwenzake alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, kana kwamba mauti huita watu kwa kufuata orodha ya umri.

Msomaji mpenzi, ni nani kati yetu ambaye hajaipiga hesabu hiyo? Tunaamini kimoyomoyo kwamba ataanza babu, afuate baba, kisha sisi, na watoto watuzike. Hesabu ikipinduka tunapigwa na bumbuazi, na bumbuazi hilo huwa kidonda juu ya kidonda. Wahenga wetu walituonya kwa maneno mawili tu: hujafa hujaumbika. Ila methali hiyo aghalabu tunaitamka baada ya ajali, tukiwa tumesimama kando ya kitanda cha hospitali. Wastoiko walitaka itamkwe kabla.

Makala haya yanakusudia kulieleza zoezi hilo la kale la kuwaza hasara kabla haijatokea: lilitoka wapi, hufanywaje, huzaaje shukrani badala ya huzuni, na ni nani asiyefaa kulifanya.

Watu wa barazani

Wasomaji wa Biblia wamekwisha kukutana na Wastoiko, pengine bila kuwatilia maanani. Katika Matendo ya Mitume sura ya 17, Mtume Paulo anapofika Athene, miongoni mwa wanaojitokeza kujadiliana naye ni Waepikureo na Wastoiko. Na katika sura ya 18, yule liwali wa Akaya aitwaye Galio, aliyekataa kuyasikiliza mashtaka dhidi ya Paulo, ni ndugu yake Seneca, baba mmoja mama mmoja.

Jina lao lilitokana na mahali. Yapata mwaka wa 300 KK, mtu mmoja aitwaye Zeno, mzaliwa wa mji wa Citium katika kisiwa cha Cyprus, alianza kufundisha katika stoa moja iliyokuwa kando ya soko la Athene. Stoa ni baraza lenye nguzo. Hiyo ilikuwa na michoro ukutani. Basi Wastoiko ni watu wa barazani. Mkazi wa Lamu au Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi jinsi baraza na mazungumzo ya hekima yanavyoandamana.

Zeno mwenyewe aliletwa Athene na hasara. Inasimuliwa kwamba alikuwa mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, bidhaa iliyokuwa na thamani kubwa, na kwamba chombo chake kilizama karibu na bandari ya Piraeus. Akapanda mjini akiwa hana kitu, akaketi kwa muuza vitabu, akasikia kikisomwa kitabu cha Xenophon kuhusu Socrates. Akauliza watu wa namna hiyo hupatikana wapi. Wakati huohuo alikuwa akipita mwanafalsafa Crates, na muuza vitabu akamwambia Zeno amfuate yule. Akamfuata. Baadaye alikuwa akisema kwamba safari yake iliyompa faida ni ile ambayo chombo kilizama.

Msingi wa mafundisho yao si mgumu. Kuna mambo yaliyo mikononi mwetu: maamuzi yetu, makusudio yetu, jinsi tunavyoyapokea yanayotufika. Na kuna yasiyo mikononi mwetu: mwili, mali, cheo, sifa, uhai wa tuwapendao. Haya ya pili hawakusema ni takataka. Walikubali kwamba ni afadhali kuwa na afya kuliko kuugua, na kuwa na watoto hai kuliko kuwazika. Walichokikataa ni mtu kuijenga furaha yake yote juu ya kiwanja asichokuwa na hati yake. Wakenya tunajua vyema mwisho wa nyumba za aina hiyo.

Kuuhamia msiba kabla ya wakati

Zoezi lenyewe ni hili. Mtu huketi kwa utulivu, akakitwaa kitu kimoja alicho nacho, akawazia kwamba kimeondoka. Mstoiko Posidonius alilitumia neno la Kigiriki lenye maana ya kuhamia mahali na kukaa humo kabla ya wakati. Nalipenda neno hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba kuuchungulia msiba dirishani hakutoshi. Sharti mtu aingie, akae, aizoee giza ya chumba hicho, kisha atoke.

Wazo hilo halikuanza na Wastoiko. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, alifiwa na binti yake Tullia mapema mwaka wa 45 KK. Alijitenga na watu, akasoma kila alichokipata kuhusu huzuni, na katika mwaka huohuo akakiandika kitabu kinachoitwa Mijadala ya Tusculum. Humo anaeleza kwamba wanafalsafa wa Kirene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, waliamini kuwa huzuni haisababishwi na kila baya bali na lile lililokuja bila kutarajiwa. Cicero hakukubaliana nao kabisa, kwa kuwa aliona kuna machungu yanayouma hata yakitangaziwa. Lakini alikiri kwamba mshtuko huongeza uzito wa jambo. Anataja pia habari za Anaxagoras, mwanafalsafa aliyeishi zamani zaidi, ambaye alipopelekewa habari za kifo cha mwanawe alijibu kwamba alijua tangu mwanzo amezaa kiumbe wa kufa.

Jibu hilo huwashtua wengi, nami nilishtuka nilipolisoma mara ya kwanza. Tutalirejelea.

Aliyelifundisha zoezi hili kwa utaratibu zaidi ni Epictetus. Huyu alizaliwa karibu na mwaka wa 50 BK mjini Hierapolis, katika nchi inayoitwa Uturuki leo. Alizaliwa mtumwa, alikuwa kiwete, na bwana wake Epaphroditus alikuwa naye amewahi kuwa mtumwa wa Nero kabla ya kuachwa huru. Epictetus alipopata uhuru alifundisha Roma, hadi Mfalme Domitian alipowafukuza wanafalsafa, naye akahamia Nicopolis, Ugiriki. Hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyanakili mazungumzo yake, na ndiye aliyekusanya kile kijitabu mashuhuri cha mafunzo yake.

Epictetus hakumwanzisha mwanafunzi kwa kifo cha mzazi. Alianza na mtungi. Ikiwa una mtungi unaoupenda, ujikumbushe kwamba ni mtungi, na mitungi huvunjika. Basi ukivunjika, moyo wako hautavunjika nao. Kutoka hapo mtu hupanda ngazi polepole: kikombe, vazi, kipande cha ardhi, na mwisho kabisa mwenzi na mtoto. Asiyeweza kustahimili kupotelewa na mwavuli hana haja ya kuanza na jeneza.

Alitoa pia mfano wa hamamu, mahali ambapo watu wa zama zake walikwenda kuoga pamoja. Kabla ya kutoka nyumbani, alisema, kumbuka yanayotokea huko: wapo watakaokurushia maji, watakaokusukuma, watakaokutukana na watakaokuibia. Ukijua unayaendea hayo, hutaghadhabika yakitokea. Nairobi hatuna hamamu za Kirumi, lakini tuna matatu. Anayelipanda saa kumi na mbili asubuhi akitumaini muziki wa chini, nauli ya jana na kondakta mwenye adabu, atafika kazini akiwa ameshindwa vita kabla ya kazi kuanza.

Seneca, kwa upande wake, alipenda kuwaza makubwa. Moto ulipouteketeza mji wa Lugdunum, ambao sasa unaitwa Lyon na uko Ufaransa, rafiki yake Liberalis aliyeupenda mji huo alivunjika moyo. Seneca alimwandikia Lucilius kwamba usiku mmoja ulitosha kuugeuza mji mkubwa kuwa si mji. Ushauri wake ulikuwa kwamba yatupasa kuyawaza yote, si yale tu yaliyozoeleka kutokea: uhamisho, vita, maradhi, kuzama baharini. Alijua alichokisema. Mwaka wa 41 BK alihamishwa na Mfalme Klaudio hadi kisiwa cha Corsica, siku chache baada ya kumzika mwanawe mdogo aliyekata roho mikononi mwa bibi yake.

Lakini je, huku si kujitafutia wasiwasi?

Swali hili ni la haki, na wa kwanza kuliuliza walikuwa majirani zao, wafuasi wa Epicurus. Hao waliona ni upumbavu kuteseka mapema kwa jambo ambalo huenda lisitokee kabisa. Likija litakuuma, kwa nini likuume mara mbili? Afadhali, walisema, mtu auelekeze moyo wake kwa mazuri aliyokwisha kuyaonja na yale atakayoyaonja.

La kustaajabisha ni kwamba hata Seneca, katika barua nyingine kwa Lucilius, anamwonya kwamba mengi tunayoyaogopa hayafiki kamwe, na kwamba fikra zetu hututesa kuliko mambo yenyewe. Msomaji mwepesi wa kuhukumu atasema mzee huyu hajui anachokitaka.

Kwa maoni yangu hakuna mgongano. Wasiwasi na zoezi hili hufanana kwa sura tu. Wasiwasi hauna saa. Humjia mtu usiku wa manane bila kualikwa, ukamzungusha kwenye swali lilelile la itakuwaje, itakuwaje, bila kumfikisha kwenye jibu. Zoezi lina saa yake, huitwa na mwenyewe, na haliishii kwenye swali hilo. Huuliza: ikiwa hivyo, nitafanya nini, na ni kipi ndani yangu ambacho hasara hiyo haiwezi kukigusa? Likishajibiwa, mtu huinuka akaendelea na shughuli zake. Mwenye wasiwasi hulitoroka jambo analoliogopa, ndiyo maana halimwachi. Mwenye zoezi huligeukia, akalitazama usoni, akagundua kwamba lina kimo chake na upana wake kama jambo jingine lolote.

Hata hivyo, nakubali kwamba mpaka baina ya hayo mawili ni mwembamba, na kuna watu wasioweza kuulinda. Nitawataja baadaye.

Kisima kabla hakijakauka

Hadi hapa unaweza kudhani kwamba zoezi hili ni ngao tu, la kumsaidia mtu asianguke siku ya dhiki. Hiyo ni nusu ya faida yake, na si nusu iliyo bora.

Binadamu ni mnyama wa mazoea. Anayehama kutoka chumba kimoja cha kukodi hadi nyumba yenye vyumba vitatu na maji ya bomba, mwezi wa kwanza huufungua mfereji kwa furaha. Mwezi wa sita humlaani fundi kwa sababu maji yanatoka polepole. Mwaka wa 1978 wanasaikolojia Philip Brickman, Dan Coates na Ronnie Janoff-Bulman walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu 22 walioshinda bahati nasibu huko Illinois, Marekani. Washindi hao hawakuonekana kuwa na furaha iliyowazidi majirani zao kwa kiasi cha maana, na tena mambo madogo ya kila siku, kama vile kuzungumza na rafiki au kusikia kichekesho, yaliwafurahisha kidogo kuliko wenzao. Watu 22 ni wachache, na uchunguzi huo si neno la mwisho. Lakini unathibitisha jambo ambalo kila mtu amelionja: neema huzoeleka, na ikishazoeleka haionekani.

Wengi hushauriwa wazihesabu baraka zao. Ushauri huo si mbaya, ila kuhesabu nako huzoeleka. Mtu hutaja afya, familia na kazi kama anayesoma orodha ya mahudhurio darasani. Wastoiko walipita njia nyingine. Badala ya kujumlisha, walitoa. Mfalme Marcus Aurelius, katika daftari alilojiandikia mwenyewe kwa Kigiriki, anajihimiza asivitamani vitu asivyo navyo kana kwamba tayari anavyo. Bali avichague vilivyo bora miongoni mwa alivyo navyo, ajiulize angevililia kiasi gani laiti asingekuwa navyo. Kisha anajionya: ahadhari asivithamini hadi akavurugika akili siku vikiondoka.

Mwaka wa 2008 wanasaikolojia Minkyung Koo, Sara Algoe, Timothy Wilson na Daniel Gilbert walilijaribu jambo linalofanana sana na hilo. Watu waliokuwa na wapenzi au wenzi waligawanywa. Baadhi wakaandika jinsi walivyokutana na wenzao, na wengine wakaandika jinsi ambavyo huenda wasingekutana nao kamwe. Waliotoa ndio waliotoka wakiridhika zaidi na uhusiano wao kuliko waliosimulia. Watu wengine walipoombwa watabiri matokeo walibashiri kinyume chake. Yaani tunajidanganya kwamba kuwaza kutokuwapo kwa mtu kutatuhuzunisha, na kwa sababu hiyo hatuwazi, na kwa kutowaza hatumwoni.

Ruhusa yako, msomaji, nitoe mfano wa nyumbani kwangu. Mama yangu, aliye kijijini, hunipigia simu kila Jumapili jioni. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiiweka simu begani, nikitazama kandanda, huku nikiitikia ndiyo, ndiyo, pole, ndiyo. Alinieleza habari za ng'ombe, za mvua, za jirani aliyeupeleka mpaka wa shamba hatua mbili. Jioni moja niliamua kulifanya zoezi hili kwa dhati badala ya kulisoma tu. Niliwazia Jumapili ambayo saa moja inafika, saa mbili inafika, na simu hailii, na hakuna nambari ya kupiga. Nilikaa humo dakika tano hivi. Sikulia, lakini niliizima runinga.

Jumapili iliyofuata nilimuuliza jina la ng'ombe wake. Kulikuwa na kimya kidogo upande wa pili, kisha akacheka kwa muda mrefu. Siku hizi ni mimi ninayempigia, na salio langu la simu linajua.

Si moyo wa jiwe

Sasa turudi kwa Anaxagoras na jibu lake. Pamoja nalo kuna fundisho la Epictetus linalowaudhi watu kuliko yote: kwamba unapombusu mwanao, ujinong'onezee kuwa unambusu kiumbe wa kufa. Ni ukatili ulioje! Hivyo ndivyo wanavyosema wengi, wakihitimisha kwamba Mstoiko ni mtu asiye na hisia.

Ningependa wasome pia habari za yule baba aliyemwendea Epictetus. Alikuwa mtu mwenye cheo. Binti yake aliugua sana, naye akashindwa kabisa kuvumilia kumwona katika hali ile; akakimbia, akakaa mbali hadi alipoletewa habari kwamba mtoto amepata nafuu. Alidhani alifanya hivyo kwa wingi wa mapenzi. Epictetus alimhoji taratibu. Je, mamake mtoto naye alimpenda? Naam. Mlezi wake? Naam. Basi na hao nao wangekimbia? Na mtoto angeachwa peke yake, pasi na mtu wa kumshika mkono, kwa kuwa wote walimpenda mno? Yule bwana hakuwa na la kujibu.

Hapo ndipo ninapolielewa zoezi. Anayekataa kuwaza kwamba mtoto ni wa kufa ndiye atakayekimbia siku anapohitajika. Aliyeikubali habari hiyo mapema ndiye atakayeketi kando ya kitanda, akapima joto, akamnywesha uji. Na mnong'ono wa Epictetus hausemi usimbusu. Husema mbusu ukijua, ili busu hilo lisiwe la mtu aliye na jicho moja kwenye saa.

Tena zoezi hili ni la mtu na nafsi yake. Epictetus mwenyewe aliagiza kwamba ukimkuta mtu analia, usisite kumfariji kwa maneno, hata kuugua pamoja naye. Anayekwenda matangani na kumwambia mjane kwamba alipaswa kujua mumewe ni mtu wa kufa hajawa Mstoiko. Amekuwa mtovu wa adabu. Na mwenye nyumba anayemtupia mpangaji virago nje hana haki ya kumsomea Epictetus. Katika mafundisho ya Wastoiko haki ni mojawapo ya fadhila nne kuu, pamoja na busara, ujasiri na kiasi. Kujifunza kustahimili dhuluma hakumzuii mtu kuipinga.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi kuna wanaoiuza falsafa hii kama dawa ya kuwanyamazisha wafanyakazi waliochoka. Na Seneca mwenyewe hakuokoka lawama. Alimshauri Lucilius atenge siku chache, wakati Roma nzima ikijiandaa kwa sherehe za Saturnalia mwezi Desemba, ale chakula cha bei ya chini kabisa, avae nguo za kukwaruza, ajiulize: hiki ndicho nilichokuwa nikikiogopa? Ni ushauri mzuri, lakini aliyeutoa alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa dola. Mwaka wa 58 BK adui yake Suillius aliuliza hadharani ni kwa hekima gani Seneca alikusanya sesta milioni 300 katika miaka 4 ya urafiki na Nero. Maskini wa Roma hawakuhitaji kutenga siku za kula mkate mkavu.

Ndiyo maana mimi humsikiliza zaidi yule aliyezaliwa mtumwa. Epictetus aliibiwa taa yake ya chuma. Alisikia kishindo, akashuka mbio, akakuta mwizi amekwenda nayo. Kesho yake alinunua ya udongo.

Kutoka Athene hadi Hanoi

Mnamo Septemba 9, 1965, rubani wa jeshi la wanamaji la Marekani, James Stockdale, alitunguliwa angani huko Vietnam Kaskazini. Miaka michache awali, akisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, profesa wake alikuwa amempa kile kijitabu cha Epictetus. Baadaye alisimulia kwamba alipokuwa akishuka kwa mwavuli alijiambia kuwa anauacha ulimwengu wa mitambo na kuingia katika ulimwengu wa Epictetus. Mguu wake ulivunjwa, akateswa mara nyingi, akafungiwa peke yake kwa takriban miaka 4, na hakuachiliwa hadi Februari 1973.

Alipoulizwa ni wafungwa gani walioshindwa kustahimili, aliwataja wenye matumaini mepesi. Hao walisema tutatoka kabla ya Krismasi, Krismasi ikapita. Wakasema kabla ya Pasaka; nayo ikapita. Mioyo yao ikakatika. Yeye hakukata tamaa kwamba siku moja atatoka, lakini hakujiwekea tarehe, wala hakujificha ukweli wa mahali alipo. Si kila mtu atafungwa Hanoi, bila shaka. Ila mgonjwa anayengojea figo, au mwalimu anayengojea kuajiriwa mwaka baada ya mwaka, anaufahamu uchovu huo wa tarehe zinazopita.

Tiba za kisasa za akili nazo zina deni hapa. Albert Ellis, aliyeanzisha tiba yake katika miaka ya 1950, na Aaron Beck, aliyemfuata katika miaka ya 1960, wote walikiri kwamba walichota kwa Wastoiko wazo kwamba kinachomsumbua mtu zaidi ni hukumu yake juu ya jambo.

Lakini tiba ina masharti. Mtu aliyezama katika sonona, ambaye tayari anaona giza kila pembe, asipewe zoezi la kuwaza giza zaidi. Vivyo hivyo anayeandamwa na wasiwasi usiokatika, au aliyetoka kuzika juzi. Huyo wa mwisho hana haja ya kuwazia hasara. Yuko ndani yake. Wote hao wanahitaji daktari au mshauri nasaha, na watu wa kukaa nao.

Kwa aliye salama, zoezi ni fupi. Chagua kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uanze na kidogo. Keti mahali pasipo na kelele, dakika chache, si kila saa. Usiwaze kwa jumla jumla. Waza kiti kitupu, kikombe kisichotumika, mlango usiogongwa. Jiulize ungefanya nini kesho yake asubuhi. Halafu, na hili wengi hulisahau, fungua macho ukitazame kitu hicho kingali pale, umwendee mtu huyo angali hai. Anayefanya sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili amejinyima malipo ya kazi yake.

Marcus Aurelius aliipata nakala yake ya mafunzo ya Epictetus kwa mwalimu wake Rusticus, na katika sura ya kwanza ya daftari lake, ambayo yote ni shukrani kwa waliomlea na kumfunza, hakusahau kumshukuru kwa kumwazima. Katika sura ya 11 anaukumbuka ule mnong'ono wa kumbusu mtoto. Hakuwa akiandika nadharia. Yeye na mkewe Faustina walipata watoto wasiopungua 13, na wengi wao waliwazika.

Mwaka wa 169, akiwa karibu kuondoka kurejea vitani kaskazini, alifiwa na mwanawe Annius Verus, mtoto wa miaka 7, baada ya kufanyiwa upasuaji wa uvimbe chini ya sikio. Waandishi wa kale wanasema mfalme aliomboleza kwa siku 5. Katika siku hizo aliwaendea madaktari waliomkata mtoto wake, akawaliwaza.